Ukiona Vyaelea: Namna ya Kutathmini Mradi wa Mwanafunzi Tangu Siku ya Kwanza

Muhula mmoja nilipanga meza nje ya darasa, wazazi wakaalikwa, na wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 wakaleta mboji walizotengeneza. Kwenye meza ya kwanza palikuwa na mfuko wa mboji nyeusi tititi, laini kama kahawa iliyosagwa, umefungwa kwa utepe wa kijani na kubandikwa maelezo yaliyopigwa chapa. Niliupa kiwango cha juu kabisa. Meza ya mwisho ilikuwa na ndoo ya mabua ambayo hayajaoza sawasawa, tena yananuka. Hiyo niliiandikia "Kukaribia matarajio", nikapita.

Jioni nikafungua madaftari. Mwenye ndoo alikuwa ameandika hivi: "Wiki ya 4. Kijiti kimetoka baridi na kimelowa. Nadhani mvua imeingia. Tumeongeza mabua makavu, tumefunika kwa majani ya mgomba. Wiki ya 5. Kijiti kimetoka na joto kidogo." Daftari la mwenye mfuko lilikuwa na mchoro mzuri wa lundo kwenye ukurasa wa kwanza, na kurasa tupu baada ya hapo. Kesho yake nilimuuliza kwa upole kwa nini lundo la mboji hupinduliwa. Akainamisha kichwa. Mboji ile ilikuwa imenunuliwa.

Mtoto yule sikumlaumu. Alinipa nilichokuwa nikipima, na nilichokuwa nikipima ni uzuri wa kitu kilichowekwa mezani. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi yetu sisi walimu ni kuangalia kule kuunda, nako hakuonekani siku ya maonyesho. Huonekana wiki ya pili, wiki ya tatu, kijiti kinapotolewa kwenye lundo na mtoto akakishika na kufikiri. Mwongozo huu unahusu namna ya kuwapo wakati huo, na namna ya kuugeuza kuwa tathmini unayoweza kuitetea mbele ya mzazi, mwalimu mkuu na mtoto mwenyewe.

Nitatumia mradi huohuo wa mboji mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nimeufanya mara nyingi na kwa sababu mboji haijali nani ana pesa. Kama wewe unafundisha Sayansi Jumuishi au Sanaa, badilisha mfano. Njia ni ileile.

Hatua ya 1: Amua unataka mtoto aweze nini, kabla hajashika jembe

Andika kwenye karatasi mambo matatu ambayo mwanafunzi ataweza kuyafanya mwishoni na ambayo leo hawezi. Matatu yatosha, na yasizidi manne. Mwalimu mwenye vigezo kumi huishia kuweka tiki tu, kwa kuwa jicho haliwezi kutafuta vitu kumi kwa watoto hamsini.

Kwa mboji mimi huchukua haya. Kwanza, kupanga mchanganyiko: kujua kwamba vitu vibichi kama majani ya kijani, maganda ya ndizi na kinyesi cha ng'ombe huleta naitrojeni, na vikavu kama mabua ya mahindi huleta kaboni, na kwamba lundo linahitaji vyote viwili. Pili, kutumia anachokiona, anachokishika na anachokinusa ili kurekebisha lundo. Tatu, kumweleza mtu mwingine kilichotokea na sababu yake.

Angalia kwamba "kuleta mboji nzuri" haimo. Lundo linaweza kuharibika kwa mvua, kwa kuku wa jirani, kwa mtu aliyeona mabua akadhani ni takataka akayachoma. Mtoto anaweza kujifunza mengi kutoka kwa lundo lililoharibika, na anaweza asijifunze chochote kutoka kwa lililofaulu kwa bahati. Ukiweka bidhaa kuwa kigezo kikuu, utakuwa unatathmini hali ya hewa na mfuko wa mzazi.

Hatua ya 2: Andika viwango, na uviandike pamoja nao

Vile viwango vinne tunavijua: Kuzidisha matarajio, Kufikia matarajio, Kukaribia matarajio, Mbali na matarajio. Shida haiko kwenye majina, iko kwenye maneno tunayoyaweka chini yake. Mara nyingi huandikwa "anaeleza vizuri sana", "anaeleza vizuri", "anaeleza kiasi", "haelezi vizuri". Maneno haya hayamsaidii mtu. Walimu wawili wakisoma kazi moja watatoa viwango viwili, na mwanafunzi hatajua afanye nini ili apande.

Andika kitendo kinachoonekana. Hivi ndivyo ninavyoandika kigezo changu cha pili, cha kutumia ushahidi kurekebisha lundo:

Kuzidisha matarajio: Kabla ya kurekebisha anasema anatarajia nini kitokee, anarekebisha, kisha anarudi kupima kama ilikuwa hivyo.

Kufikia matarajio: Anatambua tatizo kutokana na alichopima, alichoshika au alichonusa, anarekebisha na kutoa sababu.

Kukaribia matarajio: Anatambua kwamba kuna tatizo, lakini anabahatisha la kufanya au anasubiri aambiwe.

Mbali na matarajio: Anaendelea na kazi bila kugundua kwamba lundo limebadilika.

Soma tena kiwango cha juu. Hakihitaji kipimajoto cha bei, kompyuta wala rangi. Kinahitaji mtoto aseme "nadhani kesho kutwa litakuwa na joto" halafu arudi kuangalia. Mtoto wa familia yoyote anaweza kukifikia, nami nimeona wengi wakikifikia, baadhi yao watoto ambao karatasi zao za mtihani hazikuwahi kunionyesha kwamba wanafikiri hivyo.

Sasa usikibandike tu ukutani. Chukua kurasa mbili za madaftari ya miaka iliyopita, ficha majina, au ziandike wewe mwenyewe. Ukurasa mmoja useme "Leo tulipindua lundo. Kazi ilikuwa nzuri." Wa pili useme "Leo tulipindua lundo kwa sababu katikati palikuwa na harufu kama ya mkojo. Tumeweka mabua zaidi." Waulize wanafunzi: nani amefikia kiwango gani, na umejuaje? Waache wabishane. Kipindi cha dakika 40 kinatosha, na ni kipindi chenye faida kuliko vyote katika mradi mzima. Wakibishana huku wakinyoosha vidole kwenye maneno ya ukurasa, wameshaelewa ushahidi ni nini. Mara nyingi wao ndio hunirekebishia lugha. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba "anatambua tatizo" haitoshi kwa sababu kila mtu anaweza kunusa; tuongeze "na kusema limetokana na nini". Tukaongeza.

Hatua ya 3: Kazi ifanyike shuleni, kwa vitu visivyonunuliwa

Hapa sina maneno mengi. Tangu Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini Kenya, wazazi wamelalamika kuhusu miradi inayowalazimu kununua vitu usiku na kumfanyia mtoto kazi. Wana haki kulalamika. Mradi uliofanyiwa nyumbani huwezi kuutathmini kwa haki, kwani hujui mkono ni wa nani. Malundo yakae nyuma ya shule. Mabua yatoke shambani, maganda yatoke jikoni kwa shule. Mzazi anayetaka kusaidia aulizwe maswali na mtoto wake: bibi alikuwa akifanyaje na samadi zamani? Jibu liingie kwenye daftari.

Hatua ya 4: Daftari la mradi, mistari minne kwa wiki

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, hata kama lundo ni la kikundi. Kila wiki anajibu maswali manne kwa ufupi: Nimeona, nimeshika au nimenusa nini? Nadhani sababu ni nini? Tumefanya nini? Natarajia nini kabla ya wiki ijayo?

Swali la nne ndilo watoto husahau, nalo ndilo lenye dhahabu. Ukilisisitiza wiki mbili za mwanzo, baadaye hulazimiki.

Wafundishe vipimo ambavyo mkono unatosha. Kijiti kirefu kisukumwe hadi katikati ya lundo, kikae dakika chache, kitolewe na kushikwa: kina joto, uvuguvugu au baridi? Kimelowa au kikavu? Lundo lililopangwa vizuri, lenye urefu, upana na kimo cha karibu mita moja, linaweza kupanda hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi katikati, na kijiti kitakuambia bila kipimajoto. Konzi ya mboji ikikamuliwa itoe matone machache tu, kama sifongo iliyokamuliwa. Ikichuruzika, maji yamezidi na hewa imekosekana. Harufu kali kama ya mkojo inaonyesha vitu vibichi vimezidi na naitrojeni inatoroka kama amonia. Mtoto akishajua haya, ana lugha ya kuandika, nawe una kitu cha kutathmini.

Usisahihishe tahajia kwenye daftari hili. Ukianza kupiga mistari myekundu chini ya maneno, wiki ya tatu wataandika sentensi fupi salama zisizosema kitu.

Hatua ya 5: Tembea ukiangalia wachache

Darasa langu la mwisho lilikuwa na wanafunzi 54 katika vikundi tisa vya sita. Hakuna mwalimu anayeweza kuwaangalia wote kwa makini katika kipindi kimoja, na anayejaribu hamwoni yeyote. Chagua vikundi viwili kwa kipindi. Vikundi vingine vinaendelea na kazi, nawe unapita tu kuhakikisha usalama wa majembe. Ukiwa na vipindi viwili vya mradi kwa wiki, unavimaliza vyote tisa katika muda usiozidi wiki tatu, halafu unaanza upya. Katika mradi wa wiki nane kila kikundi kitakuwa kimeangaliwa vizuri angalau mara mbili.

Beba karatasi moja yenye majina ya watoto kumi na wawili na nafasi mbele ya kila jina. Usiandike kiwango. Andika kilichosemwa au kilichofanywa, kwa maneno ya mtoto inapowezekana: "Alikamua konzi mara mbili, akasema maji yamezidi, akawaambia wenzake wafungue lundo." Sentensi moja ya namna hii ina uzito kuliko tiki tano. Mzazi akija ofisini kuuliza, unamsomea.

Hatua ya 6: Maoni katikati ya mradi, bila alama

Wiki ya tatu au ya nne kusanya madaftari na uandike maoni. Alama yoyote usiiweke. Nimejaribu njia zote mbili, na nimeona mtoto akipewa kiwango na maoni pamoja, macho yanakwenda kwenye kiwango, anauliza jirani kapata nini, maoni hayasomwi.

Maoni yawe na mambo mawili: kile alichofanya kinachofaa kuendelezwa, na hatua moja ya kufanya wiki hii. "Vizuri, ongeza bidii" hayamwambii kitu. Badala yake andika: "Umegundua lundo limepoa. Hujaandika unadhani kwa nini. Kesho kamua konzi moja ya katikati, uniandikie ulichokipata." Kesho asubuhi mtoto huyu ana kazi ya kufanya.

Halafu, na hapa wengi tunateleza, tenga muda wa kipindi wayafanyie kazi maoni hayo. Maoni yasiyopewa muda ni wino uliopotea. Mimi hutoa kipindi kizima: wasome, waende kwenye lundo, warudi waandike chini ya maoni yangu walichofanya.

Kwa madaftari 54, ukitumia dakika tatu kwa kila moja, ni karibu saa mbili na dakika arobaini. Ni kazi. Lakini inafanyika mara moja katika mradi, na inafaa kuliko kusahihisha majaribio manne yenye maswali ya kuchagua jibu.

Hatua ya 7: Kikundi kimoja, watoto sita

Kuwapa wote sita kiwango kimoja ni dhuluma kwa aliyefanya kazi na ni kumdanganya aliyekaa kivulini. Lundo ni la kikundi, ila kiwango kiwe cha mtoto, na kitokane na daftari lake, na ulichoandika ulipokuwa ukitembea, na mahojiano nitakayoyaeleza hapa chini.

Wanakikundi watathminiane pia, kwa sharti moja: kila anachosema mtu kuhusu mwenzake kiwe na tukio. "Anasaidia" hapana. "Jumatano tulipokosa maji alikwenda kuchota kisimani akarudi na ndoo mbili" ndiyo. Ukiweka sharti hili, chuki na urafiki hupungua kwenye karatasi, maana tukio ama lilikuwepo au halikuwepo. Usigeuze maneno yao kuwa alama moja kwa moja. Yasome, na pale yanapogongana na ulichokiona, nenda ukaangalie tena.

Mwanafunzi mwenye ulemavu asiachwe na kazi ya kushika kalamu tu. Asiyeona vizuri anaweza kuwa ndiye bingwa wa kikundi kwa kunusa na kushika. Anayetumia kiti cha magurudumu atahitaji njia iliyosawazishwa hadi kwenye lundo, au lundo lipangwe ndani ya pipa lililoinuliwa. Kigezo chake kibaki kilekile cha wenzake.

Hatua ya 8: Mahojiano ya dakika tatu

Ningekuwa na nafasi ya kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Kaa na mtoto karibu na lundo, daftari likiwa mkononi mwake. Dakika tatu. Watoto 54 mara tatu ni dakika 162, yaani vipindi vinne na nukta, tuseme vitano ukihesabu kuitana na kupangana. Wengine wakati huo wanapanda mbegu za kunde au maharagwe kwenye mboji waliyoipata, kuona kama imekomaa. Mboji ambayo haijaiva huzuia mbegu kuota au hudumaza miche, kwa hiyo nao wanaendelea kukusanya ushahidi.

Maswali yangu ni manne, na sitoki nje yake sana ili wote wapimwe kwa haki. Nionyeshe kwenye daftari siku ambayo mambo hayakwenda ulivyotarajia. Ulijuaje? Mlifanya nini, na kwa nini hilo na si jingine? Ukianza lundo jipya leo, utabadilisha nini?

Muulize, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto mwenye haya anahitaji sekunde hizo, na sisi walimu tuna tabia ya kuzijaza kwa kumsaidia jibu.

Na mwache aseme kwa lugha inayomjia. Vitabu vya somo la Kilimo viko kwa Kiingereza, na watoto wengi wanajua jambo lakini hawana maneno ya Kiingereza ya kulisemea. Kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kidholuo kama unakifahamu au kuna mwenzake wa kutafsiri: kigezo ni kueleza sababu, na sababu ina uzito uleule katika kila lugha. Nina mwanafunzi aliyeandika mistari miwili kwa wiki kwa Kiingereza cha kunakili. Nilipomwambia anieleze kwa Kiswahili, alinieleza dakika tano namna alivyogundua kwamba upande wa lundo uliokuwa kivulini unapoa haraka, na jinsi alivyowashawishi wenzake walihamishe. Bila mahojiano yale angeandikwa "Mbali na matarajio".

Aliyenunua, aliyenakili au aliyefanyiwa atajulikana hapahapa, bila kumfedhehesha mbele ya watu. Hana siku ya kukuonyesha.

Hatua ya 9: Toa kiwango, na mwombe mwenzako aangalie

Sasa weka vitu vitatu mezani: daftari, karatasi zako za kutembea, na ulichoandika kwenye mahojiano. Kwa kila kigezo jiulize ni sentensi ipi ya kiwango inayoelezea ushahidi huu. Usijumlishe na kugawanya. Mtoto aliyeanza vibaya wiki ya kwanza akaweza wiki ya saba, ameweza. Wastani unamwadhibu kwa kuwa alikuwa hajajifunza kabla ya kufundishwa.

Kabla ya kuingiza viwango kwenye rekodi, mpe mwalimu mwenzako madaftari matano bila kumwambia umetoa nini. Mkipishana kwa mawili au zaidi, kaeni msome tena maneno ya viwango. Kwa kawaida kosa liko kwenye maneno. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa madarasa ya Gredi ya 7 na 8, kwa kuwa tathmini za shuleni za madarasa hayo huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Asilimia 20 nyingine hutoka KPSEA, tathmini ya mwisho wa shule ya msingi inayofanywa Gredi ya 6, na 60 kwenye mtihani wenyewe. Kiwango cha upendeleo ukitoa leo, utakuwa umemnyima nafasi mtoto wa shule nyingine kesho.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo yakiwa bado na kazi

Siku za mwisho za muhula hazifai kurudisha viwango, kwa sababu hakuna mwenye muda wa kufanya lolote. Mimi hurudisha wiki mbili kabla ya kufunga. Kila mwanafunzi anapata viwango vyake vitatu, sentensi moja ya ushahidi chini ya kila kimoja, na ruhusa hii: ukileta ushahidi mpya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, nitausoma na kiwango kinaweza kubadilika.

Wengi huleta. Mwenye ndoo yenye mabua yaliyonuka alikuja baada ya siku tisa. Alikuwa amelifumua lundo lote, akalipanga upya tabaka kwa tabaka, na kwenye daftari ameandika: "Natarajia Jumatatu kijiti kiwe na joto." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Jumatatu. Kimewaka." Nilikwenda naye nyuma ya darasa, nikakichomoa kijiti mwenyewe. Kilikuwa cha moto hata sikuweza kukishikilia muda mrefu, nikakata "Kukaribia matarajio" na kuandika tarehe pembeni.